Kulungu wa Mzee Fimbo

Mbele ya duka la Ildephonse, huku Amerika, upande wa Oakdale, katikati ya dobi la mashine na saluni ya kucha, pana benchi refu la kanisani. Walutheri wa ng'ambo ya maegesho walilitupa walipojinunulia viti vya sponji, Ildephonse akawahi kulikokota kabla lori la taka halijafika. Mgongoni lina kibati chenye jina la marehemu mmoja aliyelitoa sadaka zamani hizo, na huyo marehemu angeyasikia yanayosemwa juu ya jina lake kila Jumamosi, angeomba arudishiwe mbao zake. Hapo ndipo kijiweni. Anakaa Ildephonse mwenyewe, anayeitwa Waziri kwa sababu hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Anakaa Anicet, dereva wa lori la masafa, mtu wa Bukavu, ambaye hapa ni Kilomita. Anakaa Harrison, Mkenya anayelea wazee zamu ya usiku kule Fridley, jina lake Naiti. Yeye husinzia akiwa amekaa na kuamka katikati ya sentensi ya mwenzake ili aipinge. Na pembeni kabisa anakaa Byamungu, Mzee Fimbo, kwa kuwa ile fimbo yake ya kuchungia ng'ombe haachani nayo hata akienda kupimwa presha. Kahawa huletwa na mke wake, Mama Joyeuse, ndani ya chupa kubwa, na tangawizi yake ni ya kukufanya ukumbuke madeni yako yote kwa Mungu.

Jumamosi hii ya Oktoba upepo ulikuwa unaokota majani na kuyamwaga mlangoni kwa dobi. Watu walikuwa wamefunga makoti hadi kidevuni, lakini hakuna aliyetaka kuingia ndani, maana habari ilikuwa kubwa. Manispaa ilikuwa imebandika tangazo kila mlango. Kulungu wamezidi mtaani, lilisema tangazo, wanakula maua ya watu na kugongwa na magari, kwa hiyo kuanzia Jumatatu wapiga upinde wenye kibali watapanda mitini nyuma ya makazi. Wananchi wakiona mtu amevaa nguo za rangi ya majani, amejificha na silaha, wasishtuke.

— Yaani sisi, alisema Kilomita, sisi tuliokimbia watu wenye silaha waliojificha porini, tukakaa kambini mpaka watoto wakaota ndevu, donc leo wanatuandikia kwamba kuna watu wenye silaha wamejificha porini, tusiogope.

— Hawa wana kibali, alisema Waziri.

— Na wale wetu?

— Wale wetu hawakuwa na kibali. Ndiyo tofauti ya nchi iliyoendelea.

Byamungu hakucheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa koti tangu amekaa, na huko mfukoni umeshika kitu ambacho hakuna hata mmoja pale benchini aliyekijua, hata mkewe. Kilikuwa pakiti ya chumvi. Chumvi ya mezani, ya kawaida, ile ya kutilia maharage.

Sasa ili usipotee, nikurudishe nyuma kidogo. Nyuma ya kanisa la Walutheri kuna kipande cha ardhi ambacho kina mama wa Kikongo walipewa walime. Hapo pana lengalenga, ule mchicha wa kwetu, maharage, majani ya maboga na nyanya chungu, vitu ambavyo ukivitafuta kwenye supamaketi za huku utaulizwa kama unaumwa. Mwanzo wa kiangazi, kina mama walipomaliza kupanda, walimwita mchungaji wao aje aombee shamba. Mchungaji akaja na chumvi iliyoombewa, akaizungushia bustani nzima, kona kwa kona, akamkemea kila mharibifu kwa jina lake. Watu wakaitikia amina. Juma halikuisha, wakaja kulungu watatu. Kina mama wakaona adui amekasirika, wakaomba chumvi iongezwe. Ikaongezwa. Wakaja kulungu saba.

Byamungu, ambaye usingizi humwisha kabla ya jua, alikwenda alfajiri moja na fimbo yake kuwafukuza. Akamkuta kulungu jike amepiga magoti ya mbele kwenye ukingo wa bustani. Hali mboga. Analamba udongo. Analamba taratibu, macho ameyafumba nusu, masikio ameyalegeza, na ule ulimi unatoka na kurudi, unatoka na kurudi. Mzee alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Alikuwa amezaliwa kwenye ng'ombe, amekua kwenye ng'ombe, ameoa kwa ng'ombe, na ng'ombe wake wote walimalizwa kwa risasi mchana mmoja kule milimani juu ya Uvira. Hakuhitaji kuelezwa na mtu yeyote mnyama anayelamba chumvi anafananaje. Mtu mwenye akili timamu angerudi nyumbani akawaambia kina mama, jamani, tunawaita wenyewe. Byamungu alirudi nyumbani akachukua chumvi jikoni.

Tangu siku hiyo hakuacha. Alitafuta jiwe bapa, akaliweka kwenye nyasi kati ya bustani na miti, na kila alfajiri alimwaga chumvi juu yake, akapiga mluzi ule wa kuita, wakatoka mmoja mmoja kwenye ukungu. Akiwa mkweli na nafsi yake, lengalenga zililiwa kwa sababu hiyo, maana mnyama akishalamba chumvi hapiti mboga hivi hivi. Alikuwa anajua. Alipokuwa anamsikia mkewe akilalamika juu ya vikonyo vilivyobaki, alikuwa anaangalia pembeni na kusema dunia imeharibika. Lakini moyo wake ulikuwa umeamka, na mtu ambaye moyo wake umelala miaka mingi namna ile akiusikia umeamka, huwa haulizi sana nani analipia.

Kwenye benchi, Waziri alikuwa anaeleza mkutano wa manispaa. Yeye alihudhuria, alisema, kwa wajibu wa kiraia, ingawa kila mtu anajua palikuwa na keki. Watu walikuwa wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja ulitaka kulungu wapigwe mishale, ila kwa heshima. Upande wa pili ulitaka wachomwe sindano za uzazi wa mpango. Mama mmoja alisimama na picha za kulungu aliowapa majina ya wajukuu wake, akalia hadi akashikwa mkono. Baba mwingine aliuliza kwa nini wasikamatwe tu wakahamishiwe mbali, penye nafasi. Hapo alisimama mtaalamu, akasema hilo haliwezekani, kumhamisha kulungu ni ukatili. Akipelekwa mahali asipopajua anapata mfadhaiko, anaacha kula, na wengi hufa.

— Kuhamishwa kunawaua, alisema Naiti, macho yamefumba.

— Mtaalamu ndivyo alivyosema. Eti inabidi wafe hapahapa, ndiyo huruma.

Kisha Mama Joyeuse akawaongezea kahawa, na kila mmoja akaona ni bora azungumzie kitu kingine.

Hicho kitu kingine kilikuwa ni hiki: kwa nini bustani ya Wakongo? Mtaa mzima una maua, una matofaa yaliyoanguka, una nyasi zinazonyweshwa maji kuliko watoto wa nchi nyingine. Kulungu wanapita vyote hivyo wanakwenda kujazana nyuma ya kanisa. Haiwezi kuwa bahati mbaya. Watu waliokwishaonewa sana hawaamini bahati mbaya.

Kilomita alianza. Yeye anaendesha lori mpaka Texas na kurudi, kwa hiyo mambo yote anayaona yakitokea barabarani. Alisema kulungu ni mali ya kampuni za bima. Wanafugwa kwenye mashamba ya siri huko Wisconsin, wanafundishwa kusimama na kuangalia taa za gari badala ya kukimbia, halafu wanashushwa mijini kwa lori za kufunikwa turubai. Yeye mwenyewe aliwahi kulipita lori la namna hiyo na akasikia kwato. Unamgonga, gari linaharibika, bima inapanda. Na nani anayeendesha gari alfajiri na usiku wa manane? Ni sisi, alisema, watu wa zamu. Ndiyo maana wanashushwa karibu na sisi.

— Bana, hiyo ni uongo, alisema Naiti akiamka. Bima inalipa, hailipwi. Hao ni wa hospitali.

Akaeleza. Kulungu ana kupe, kupe ana ugonjwa, ugonjwa hauponi, ukimshika mtu anaenda kupimwa, akipimwa hakionekani kitu, anapimwa tena. Kule kazini kwake kuna wazee watatu hawana kingine ila kupe. Ndiyo maana, alisema, hawa wanyama wanaachiwa wazaane, halafu wakishakuwa wengi wanapunguzwa kidogo ili watu waseme serikali inafanya kazi. Wakapelekwa bustani ya Wakongo kwa sababu Wakongo wana Medicaid, ile bima ya serikali. Alisema hayo kwa sauti ya mtu aliyetoka zamu mbili mfululizo, sauti ambayo huwezi kubishana nayo kwa sababu mwenyewe hajui kama yuko macho.

Waziri aliwasikiliza wote wawili kwa subira ya mtu anayesubiri watoto wamalize. Kisha akashusha sauti.

— Mmemwona yule mwenye kipande cha njano sikioni?

Walikuwa wamemwona akivuka barabara.

— Ile ni namba ya kesi.

Kulungu wale, alisema Waziri, wameandikishwa. Wana faili. Manispaa inapata bajeti kwa vichwa, na vichwa vikipungua bajeti inapungua, kwa hiyo wanaletwa wengine kutoka mikoani, wanapewa makazi, wanapewa miezi mitatu ya kusaidiwa, halafu wanaambiwa wajitegemee. Ndiyo maana wanakuja kwetu. Wametumwa na mtumishi wa kesi yao, yule wa ofisini anayeshika faili lao. Wameambiwa kuna jamii pale nyuma ya kanisa ambayo imezoea hali kama yenu, nendeni mkajifunze.

— Donc wale ni wakimbizi, alisema Kilomita.

— Wale ni wakimbizi waliopata bahati. Mimi nilihojiwa mara ngapi? Niliulizwa jina la bibi yangu na rangi ya mlango wa nyumba iliyochomwa. Yeye amevuka barabara tu, tena penye taa nyekundu.

Mama Joyeuse alikuwa amekaa kwenye kreti la soda na chupa yake katikati ya miguu. Yeye hupenda kuwaacha wanaume wafike mwisho wa ujinga wao ndipo awape kahawa, lakini siku hiyo uso wake ulikuwa mgumu. Alisema yeye hajali kama ni wa bima, wa hospitali au wa Umoja wa Mataifa. Alipofika nchi hii alikaa ndani ya chumba msimu mzima wa baridi bila kufungua pazia, na binti yake mdogo, Kirezi, akawa anamsemesha kwa Kiingereza kama anayezungumza na mgonjwa. Bustani ndiyo iliyomtoa. Alipoona lengalenga ya kwanza imechipuka kwenye udongo wa Wazungu, ndipo alipoamini kwamba yeye mwenyewe yupo hapa. Walutheri wameshasema, mwaka ujao kipande kile kinageuzwa nyasi tena kama hawa wanyama hawataisha, kwa sababu majirani wamelalamika kwamba bustani ndiyo inayowavuta.

— Mimi nataka waishe, alisema. Hata mmoja asibaki.

Byamungu aliuangalia mkono wake wa kushoto, ule ulioshika fimbo. Alijisikia vibaya, na hata yeye hakujificha kwamba anajisikia vibaya. Lakini alikuwa na mpango, na mpango wake ulikuwa wa mchunga ng'ombe hodari kabisa. Wapiga upinde watakwenda kwenye msitu wa ziwani, alikuwa amejiambia, ndiko wawindaji wanakokwenda. Nani atavuta upinde nyuma ya kanisa, penye maegesho, penye bembea za watoto? Kwa hiyo tangu tangazo litoke alikuwa ameongeza chumvi. Alikuwa anaimwaga alfajiri, anaimwaga tena jioni, ili kundi lake lisisogee hatua moja kutoka pale kanisani mpaka msimu wa mishale upite. Baada ya hapo angeacha. Angewaambia kina mama ukweli, angejenga uzio kwa mikono yake, angekula maneno yote atakayostahili. Ila kwanza wapone. Safari hii, alijiambia, watapona.

Tatizo pekee lilikuwa chumvi kwisha haraka. Mama Joyeuse aliamini mumewe anaipeleka kwa mchungaji ikaombewe, kama walivyokuwa wanafanya wengine, na alikuwa ameanza kumheshimu kwa imani yake. Waziri, aliyekuwa akiwauzia, aliwahi kuuliza kama kuna samaki wanakaushwa nyumbani.

Walikuwa wanabishana kama kulungu mwenye namba ana haki ya kupiga kura ndipo gari dogo la bluu likaegeshwa na kijana mmoja akashuka. Alikuwa mrefu, amevaa kofia ya rangi ya majani na koti la rangi ya majani, katikati ya maegesho ya saruji ambako alionekana kuliko kitu kingine chochote. Naiti akamtambulisha. Huyu ni Sydney, Mkenya mwenzake, wako pamoja kazini, mtu mzuri, mtu wa kanisa. Sydney akawapa wazee mkono mmoja mmoja, akainama kidogo kwa Mama Joyeuse, akapewa kikombe na nafasi mwisho wa benchi karibu na Byamungu.

Alikuwa na furaha ya kuonekana. Alisema amepita mtihani wa upinde, alilenga sahani mara zote na hakukosa. Wengi kwenye lile darasa walidhani amepotea njia, wakamwonyesha mlango wa darasa la kompyuta. Yeye alitaka kitu kimoja tu, kwenda mahali katika nchi hii ambako hafuti mtu wala hainui mtu. Kukaa juu ya mti, kimya, na kusubiri. Wazee wakatikisa vichwa kwa kumwelewa. Hata Kilomita alisema hilo ni jambo zuri.

— Wamekupanga wapi, ziwani? aliuliza Waziri.

— Hapana mzee, ziwani kumejaa. Mimi nimepewa hapo tu.

Akanyoosha mkono juu ya maegesho, juu ya paa la kanisa.

— Nyuma ya kanisa. Ule mti mkubwa ulioinama juu ya jiwe bapa. Lynette wa ofisi ya kanisa alinipeleka jana, akasema mama mmoja wa bustani alienda kumwomba kabisa. Nimefunga kiti tayari.

— Ni mimi, alisema Mama Joyeuse. Mimi ndiye niliyeomba.

Fimbo ya Byamungu ilianguka chini. Sydney akaiokota haraka, kwa adabu, akamrudishia kwa mikono miwili. Mzee aliipokea bila kusema asante. Juu ya jiwe, alikuwa anajisemea moyoni. Amefunga kiti juu ya jiwe.

— Kuna kitu kimoja tu sikukielewa, alisema Sydney, na akawageukia wote kwa heshima, kama mtoto wa shule aliyekuja kwa walimu. Nimeambiwa nyinyi mko hapa siku zote na hawa wanyama mnawajua vizuri. Wanakuja saa ngapi?

Swali dogo la namna hiyo. Benchi lililokuwa linajua mashamba ya siri ya Wisconsin, linalojua faili za kulungu na hesabu za hospitali, likatazama ndani ya vikombe. Kilomita alisema inategemea barabara. Naiti akasema inategemea mwezi. Waziri alifungua mdomo, akakohoa, akasema hilo ni swali pana. Ukweli ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka yale maegesho kwenda kutazama.

— Mzee Fimbo, alisema Sydney, akiitazama ile fimbo iliyolainishwa na miaka ya kushikwa. Wewe unaonekana mtu wa mifugo. Wanakuja saa ngapi?

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema saa sita mchana, kijana akakaa mtini bure mpaka makalio yakaganda, akaenda zake. Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini Byamungu alikuwa mtu mzima, na kijana alikuwa amemuuliza vizuri. Akautoa mkono mfukoni na ile pakiti ya chumvi ikatoka nao, akaiweka juu ya goti.

— Wanakuja nikiwaita, alisema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa mmoja. Mama Joyeuse aliitazama pakiti kwa muda mrefu. Yeye naye ni binti wa wafugaji. Unaweza kukaa Amerika, ukajifunza kupanda basi na kusema have a good one, lakini ukimwona mwanamume ameshika chumvi hivyo unajua ametoka wapi alfajiri.

— Chumvi yangu, alisema. Kumbe ni hii.

— Ndiyo.

— Na mboga zangu.

— Nazo. Nisamehe, mama.

Kilomita akauliza kuna nini. Mama Joyeuse alikuwa ameanza kuinuka na maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni, ungeyaona, na benchi lote likajikunja kujiandaa. Byamungu akasema upesi, huku ameangalia chini, kwamba yule jike mkubwa mwekundu amemwita Bihogo. Na yule mdogo wake wa rangi ya mchanga, Gaju.

Mama Joyeuse akakaa tena kwenye kreti. Bihogo alikuwa ng'ombe wa mahari yake. Alitangulia yeye kuingia kwenye zizi la baba yake, siku ile watu walipoimba mpaka sauti zikakauka, na ndiye wa kwanza kuanguka ule mchana wa risasi. Miaka yote hiyo ndani ya nyumba yao hakuna aliyelitamka jina lile, na sasa lilikuwa limetamkwa mbele ya dobi la mashine, mbele ya Wakenya wawili, na kahawa ikipoa.

Byamungu alisimama. Alisema anakwenda kuwafukuza, wasirudi tena, na akaanza kuvuka maegesho bila kungoja mtu. Wakamfuata wote, Waziri akiacha duka wazi, Sydney nyuma kabisa na kofia yake mkononi. Ilikuwa jioni inakaribia, saa yake ya pili ya kumwaga chumvi, na hakuwa amepiga mluzi, lakini walikuwa wameshafika. Walikuwa wamesimama pembeni ya jiwe, shingo zimenyooka, wanamsubiri. Juu ya vichwa vyao kilining'inia kile kiti cha Sydney.

Mzee aliinua fimbo. Alipaza ile sauti ya kufukuzia ng'ombe walioingia shamba la watu, sauti kubwa, ya mtu mwingine kabisa, mpaka Naiti akarudi nyuma. Kulungu wakasogea hatua mbili, wakageuka, wakamtazama. Mwenye sauti walimjua. Walidhani anachelewa tu. Akapiga kelele tena, akatukana, akaokota kitonge cha udongo akakitupa, kikaanguka karibu na kwato za yule mdogo naye akakinusa. Mwisho Byamungu, akilia sasa, akilia waziwazi kama mtoto, aliirusha fimbo yenyewe. Ilimpiga Bihogo ubavuni, ikaanguka kwenye nyasi.

Hakukimbia. Aliruka kidogo, akatulia, akainamisha kichwa pale ilipoangukia. Akaanza kuilamba. Alianzia kwenye ule mpini, pale ambapo mkono wa mzee ulikuwa umeshika asubuhi na jioni na chumvi yake, akaulamba taratibu, macho ameyafumba nusu.

Mama Joyeuse alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge. Akaenda kusimama karibu na mumewe, hakumgusa, akasimama tu. Bustani yake ilikuwa pale kando, vikonyo vitupu, na yeye hakuitazama.

Sydney aliwatazama wale wanyama, kisha akawatazama wale wazee wawili, kisha akatazama kiti chake kule juu ya mti. Alizungusha kofia mikononi.

— Mama, alisema polepole. Wewe ndiye uliyeomba nije. Sasa Jumatatu nimpige yupi?

Mama Joyeuse akamtazama mumewe. Byamungu akamtazama Kilomita, Kilomita akamtazama Naiti, na safari hii Naiti alikuwa macho kabisa. Wote wakamgeukia Waziri, ambaye hajawahi kuulizwa swali akasema sijui. Waziri akaangalia saa yake na kusema inabidi awahi kwenda kufungua duka, lile aliloliacha wazi.